Mama Randa na Siku ya Wageni

Kila mwaka, siku ya wageni, msafara wa wazazi ukifika mlangoni pa karakana husimama. Mwanafunzi anayewaongoza amekwisha kueleza habari za maktaba na maabara, amejibu maswali ya sare na ya vyoo, na sasa ananyamaza. Si kwamba amesahau. Hakuna aliyempa maneno ya mahali hapo. Wazazi wanachungulia ndani, wananusa gundi na mbao mbichi, mmoja anakohoa, na kimya kinasimama katikati yao kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Kisha msafara unaendelea na safari. Walimu wa zamani wakiona hivyo hutazama pembeni, maana wanajua hapo palikuwa pa nani.

Palikuwa pa mwalimu wa useremala, mwanamke mfupi, mabega mapana, mwenye sauti ambayo wenzake walisema inapiga msasa masikio. Wanafunzi walimwita Mama Randa. Jina hilo hakulikasirikia wala hakulichekea. Alilivaa tu, kama alivyovaa koti lake la kazi lililochanika mfukoni kwa kubeba patasi.

Alikulia nyuma ya kibanda cha fundi milango, ambaye ndiye baba yake. Utoto wake wote aliupitisha kati ya milango isiyo na nyumba, imeegemezwa ukutani, mingine ikisubiri wenyewe, mingine wenyewe wakiwa wamebadili nia. Alicheza kwa kupita katika milango hiyo, akijifanya anaingia mahali. Alipofika mwisho wa shule ya msingi akaanguka mtihani. Na hakuanguka kwa kujikwaa, alianguka chali. Shule moja ikamkataa kwa barua, nyingine kwa kichwa cha karani kilichotikiswa dirishani hata kabla baba yake hajamaliza salamu. Iliyompokea ni moja tu, ile iliyokuwa nyuma ya gereji za mabasi, na ilimpokea kwa sababu ilipokea kila mtu.

Ndivyo shule ile ilivyokuwa tangu ilipofunguliwa. Haikuchagua. Mtoto wa mitaa ile aliyemaliza shule ya msingi aliingia, awe na alama za kutambia majirani au za kuficha chini ya godoro. Ndani ya uzio mmoja palikuwa na maabara ya kemia na jiko la somo la upishi, maktaba na bustani ya mboga, chumba cha kushonea, karakana ya umeme na karakana ya mbao. Miaka miwili ya mwanzo kila mtoto alipita kote. Aliyejua hesabu alichomwa na pasi, na aliyejua pasi alichomwa na hesabu, na wote waliuguza vidonda vyao pamoja kwenye benchi moja.

Palikuwa pia na desturi moja ambayo wageni walidhani ni mzaha. Mtoto wa kidato cha kwanza hakukuta kiti darasani. Alikaa na wenzake kwenye mabenchi marefu, wamebanana mabega, mpaka atengeneze stuli yake mwenyewe. Desturi ilianza zamani, wakati shule haikuwa na uwezo wa viti, na viti vilipopatikana hakuna aliyetaka kuiacha. Stuli uliyoitengeneza ndiyo uliyoikalia hadi siku ya mwisho. Ikiyumba, uliyumba nayo, au uliirudisha karakana ukaikata mguu upya mbele ya watu. Darasa likisimama kumwamkia mwalimu, kila stuli iligonga sakafu kwa sauti yake. Walimu waliokaa muda mrefu waliweza kujua nani hayupo kwa kusikiliza tu.

Ya Mama Randa, binti wa fundi, ilikuwa mbaya kuliko zote mwaka ule. Alidhani anajua, akafanya haraka. Aliikalia hivyo hivyo, imeinamia upande mmoja, na katika kuinama huko akaanza kusoma kwa hasira. Alimaliza vizuri. Akaenda chuo kikuu, akasomea ualimu na ufundi, na alipopewa nafasi ya kuomba shule anayoitaka akaomba ile ya nyuma ya gereji.

Mdogo wake, muuguzi wa wodi ya wazazi, alimshangaa. "Dada, wenzako wanasoma ili watoke huko. Wewe umesoma ili urudi?"

"Nimesoma ili nirudi na funguo," alisema.

Akazishika funguo hizo kwa miaka mingi, mpaka watoto wa wanafunzi wake wa kwanza wakaanza kumjia wakiwa na pua za wazazi wao. Hapo ndipo alipokuja mkuu mpya.

Mkuu mpya hakuwa mtu mbaya. Alifika mapema, aliondoka jioni, alizijua taa zilizoungua na mabomba yanayovuja. Shati lake lilikuwa limenyooka kiasi kwamba watu waliona haya kukaa karibu naye. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: alipenda neno sura. Sura ya shule, alisema, ndiyo shule. Mwaka ule idadi ya walioandikishwa ilikuwa imepungua, na yeye aliamini amepata dawa. Aliwaita walimu wote, akasimama mbele ya ubao, akaeleza jinsi siku ya wageni, Jumamosi iliyokuwa inakuja, itakavyokuwa.

Wazazi wataona maabara, maktaba na ukumbi. Watakaoonyeshwa ni wanafunzi waliochaguliwa. Watoto wa alasiri, yaani wale waliokuja hawajui kusoma vizuri na ambao hubaki alasiri kufundishwa, watapumzika nyumbani. Karakana itafungwa. Stuli zote zitaingizwa stoo, na madarasani vitapangwa viti vya plastiki vya kukodi. Halafu, hapo hapo ukumbini, atawatangazia wazazi kwamba shule inakusudia kuweka mtihani wa kuingilia. Bodi itakaa mchana ule ule. Wakisikia wazazi wamepokea kwa makofi, watapitisha.

Walimu wakatazama viatu vyao. Mama Randa akanyoosha mkono.

"Mkuu, naomba kuuliza. Hivyo viti vya kukodi vinarudi lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo jioni."

"Na Jumatatu watoto watakaa wapi?"

"Mwalimu, watakaa wanapokaa siku zote."

"Kumbe. Basi mzazi anayekuja Jumamosi tunamwonyesha shule ya nani?"

Mtu akacheka nyuma, kisha akajifanya anapiga chafya. Mkuu hakucheka. "Mgeni akija kwako, mwalimu, humwonyeshi ndoo ya maji machafu."

"Humwonyeshi. Lakini watoto si ndoo, mkuu."

Kikao kikaisha. Kwenye korido mwalimu wa kemia alimshika kiwiko akamwambia, "Mama, umesema kweli, ila umesema peke yako." Akamjibu kwamba hilo ameliona, na kwamba yeye, mwalimu wa kemia, naye ana mdomo.

Siku moja kabla ya Jumamosi hiyo, msichana mmoja wa alasiri alikuja karakana. Wenzake walimwita Mlingoti kwa urefu wake. Alisimama mlangoni akichezea kola.

"Mwalimu, tumeambiwa kesho tusije."

"Na nani?"

"Monita."

"Mwambie monita nimesema mje. Tena mje mapema, sare safi, mmekula."

"Tukifukuzwa je?"

Mama Randa aliendelea kunoa patasi yake. "Tutafukuzwa wote. Mimi nitatangulia, nyinyi mtanifuata, tutatafuta kivuli mahali."

Mlingoti alicheka, akaondoka akikimbia. Lakini Mama Randa alipobaki peke yake hakucheka. Alikuwa akiwaza lango. Aliwaza lango lile lingekuwa na mtihani wakati wake, yeye angekuwa wapi. Watu kama yeye wasingekuwapo hata wa kusimuliwa. Wangekuwa milango iliyoegemezwa ukutani.

Jioni, wakiosha vyombo, mdogo wake alimsoma usoni.

"Dada, unachezea kazi."

"Sichezi."

"Huyo atakuhamisha. Mimi nimeona watu wanahamishwa kwa kuuliza tu."

"Basi afadhali nihamishwe kwa kujibu. Nipe hiyo sufuria."

Jumamosi kulikuwa na jua jepesi. Wazazi walianza kuingia wakiwa wamevaa vizuri kupita kiasi, watoto wao wakiwa wamepakwa mafuta mpaka magotini. Mama Randa alikuwa amepangiwa kuwapokea langoni na baadaye kuongoza kundi la kwenda maktaba. Alivaa koti lake la kazi. Mkuu alipomwona aliangalia koti, akageuka kuwasalimu wageni.

Mwanamke mmoja alichelewa kuingia. Alisimama nje ya lango akiangalia bango, amemshika binti yake mkono ingawa binti alikuwa mkubwa wa kutoshikwa. Viganja vya mama huyo vilikuwa vyeupe, vimejikunja kwa maji. Alikuwa dobi, wa kufulia watu majumbani.

"Mwalimu, samahani. Hapa ndipo wanapochukua wote?"

"Ndipo, mama. Karibu."

"Hata aliyerudia darasa?"

"Hata mimi walinichukua," alisema Mama Randa, na mama dobi akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaingia.

Ukumbini viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Mbele, karibu na meza, alikaa mwenyekiti wa bodi, mfamasia mstaafu mwenye miwani inayoning'inia kifuani, mama asiyependa maneno mengi. Mkuu alihutubia vizuri. Aliwasifu wanafunzi, akawasifu walimu, akawasifu wazazi kwa kufika, kisha akalitoa alilokuwa nalo: bodi ikiidhinisha, kuanzia mwaka huo, anayetaka kuingia atafanya mtihani mdogo, ili shule iwapate watoto walio tayari.

Makofi yakapigwa upande wa mbele. Upande wa nyuma watu walitazamana. Mama dobi hakumtazama mtu. Aliinuka taratibu, akamvuta binti yake, wakaufuata mlango kama watu walioingia nyumba isiyo yao kwa bahati mbaya.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Randa.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Nyumbani, mwalimu. Nguo za watu zinaningoja."

"Zingoje. Nguo hazina miguu."

"Usinitanie, mwalimu. Huyu na mitihani hawaelewani. Nimesikia, nimeelewa."

"Sikutanii. Shule hujaiona bado. Umeona ukumbi. Nisubirini hapa, msitoke."

Matembezi yalipoanza alilichukua kundi lake, mama dobi na bintiye wakiwa nyuma kabisa. Maktaba ilikuwa kulia. Alipofika kwenye njia panda ya korido alisimama, na katika kusimama huko kila mtu akasikia sauti kutoka kushoto: randa inakwenda na kurudi, nyundo, mtu anacheka. Wazazi wakageuza vichwa. Mama Randa akakata kushoto, na wao wakamfuata, maana mguu wa mtu huvutwa na kelele.

Karakana ilikuwa wazi, milango yote miwili. Watoto wa alasiri walikuwemo, na tangu asubuhi walikuwa wameshazitoa stuli stoo na kuzipanga uwanjani mbele ya karakana, mia na ushei, hakuna mbili zinazofanana. Ndefu, fupi, nene za miguu, nyingine zimepinda mpaka unazihurumia.

"Kaeni," alisema Mama Randa.

Wazazi wakasita. Mzee mmoja akakaa, stuli ikamyumbisha, akajishika kwa jirani yake, watu wakacheka. Wakaanza kukaa mmoja mmoja, wakijaribu hii na kuiacha ile.

"Hivi ndivyo viti vya shule hii," alisema. "Vile mlivyovikalia ukumbini ni vya kukodi, vinarudi leo jioni. Hizi watoto wenu watazitengeneza wenyewe, na watazikalia walivyozitengeneza. Kuna watoto hapa watakuwa madaktari. Kuna watakaokuwa mafundi bomba. Kuna wengine sijui watakuwa nani, na wao hawajui, na hatujawahi kumfungia mtu lango kwa kutojua. Hatuchagui. Hiyo ndiyo shule. Anayetaka shule inayochagua, ziko, na njia ya kwenda huko ni lami tupu."

Baba mmoja aliyevaa suti aliinua kidole bila kuinuka. "Mwalimu, mimi mwanangu ana akili. Atasomea udaktari. Stuli ya nini?"

"Huenda asiihitaji kabisa, mzee wangu. Lakini atakaa miaka minne na mwenzake ambaye atakuja kuwa mgonjwa wake. Nataka wajuane mapema."

Baba wa suti hakuridhika. "Na hao wasiojua kusoma hawamrudishi nyuma?"

Mama Randa aligeuka akamwita Mlingoti. Msichana akaja, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Huyu alikuja hapa hajui kusoma sentensi. Sasa anasoma, polepole. Mtaniambia basi lazima ana mikono ya dhahabu, ndiyo maana tunamweka. Hana. Stuli yake ni ile pale, inayoegemea ukuta kama mlevi. Hasomi vizuri na mbao haziwezi. Na yuko hapa. Sasa nyie mniambie, mlitaka aende wapi?"

Mlingoti aliangalia stuli yake, akaangalia watu.

"Nimeirekebisha mguu mmoja, mwalimu," alisema. "Imebaki miwili."

Watu wakacheka, naye akacheka, na kilikuwa kicheko cha aina ambayo haimwachi mtu nje.

Mkuu alifika wakati huo, akiwa na mwenyekiti wa bodi. Alikuwa akitembea haraka bila kuonekana anatembea haraka. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini uwanja ulikuwa umetulia.

"Mwalimu, tulikubaliana karakana ifungwe."

"Uliagiza, mkuu. Kukubaliana kunataka watu wawili."

"Nitalazimika kuandika habari hii."

"Andika. Jina langu unalo."

Mwalimu wa kemia, aliyekuwa amesimama mbali na kundi lake la maabara, alikuja akakaa kwenye stuli. Kundi lake likamfuata, likajaza uwanja.

Ndipo mama dobi alipoinuka. Alizungumza na mkuu, si na Mama Randa, na alizungumza kwa adabu.

"Baba mkuu, mimi sina maneno mengi. Nauliza tu. Mwanangu ataandikishwa au atapimwa?"

"Atapimwa, mama. Ni mtihani mdogo."

"Akishindwa?"

"Kuna vyuo vya ufundi, kuna nafasi nyingine..."

"Mimi nauliza hapa. Tunakaa hapo nyuma ya gereji. Akishindwa, kila asubuhi atapita kwenye lango hili akienda mbali, anawaangalia wenzake aliocheza nao wakiingia. Hilo umelipima?"

Mkuu alimgeukia mwenyekiti. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mjibu mama." Mwingine akasema, "Na wa kwangu ni hivyo hivyo." Sauti zikaanza kupanda, si kwa ugomvi, bali kama maji yanayochemka, kutoka chini.

Mwenyekiti wa bodi alivaa miwani. Akaiangalia stuli iliyokuwa karibu naye, akaigeuza juu chini kama anayekagua chupa ya dawa, akairudisha, akaikalia. Iliyumba kidogo.

"Mkuu," alisema, "uliniambia wazazi wanautaka mtihani huu."

"Walipiga makofi, mwenyekiti."

"Walipiga wa mbele." Akawageukia wazazi. "Wanaoutaka waseme."

Baba wa suti alisema anautaka, na alisema kwa uwazi, akiwa amesimama. Wachache waliinua mikono pamoja naye. Wengine wote walibaki wamekaa, na kukaa kwao, kwenye miguu mibovu ile, kulikuwa jibu lenye uzito. Mchana bodi ilikutana kwa muda mfupi tu. Mtihani haukupita. Baba wa suti alimchukua mwanawe akampeleka kwingine, na Mama Randa alimsindikiza mpaka langoni, akamtakia kheri, na hakuwa akimkejeli. Binti wa dobi aliandikishwa saa hiyo hiyo, mama yake akiwa amemsimamia begani kama mtu anayehakikisha fundi hapunguzi kitambaa.

Mkuu aliandika kama alivyoahidi. Hakuandika uongo. Aliandika kwamba mwalimu wa useremala amekaidi agizo mbele ya wageni, na ilikuwa kweli, na Mama Randa alipoitwa kujieleza alisema ni kweli, na kwamba wakimrudisha Jumamosi ile atakaidi tena. Aliyemhoji alimwomba atumie lugha laini kidogo ili wamsaidie. Alimshukuru, akarudia maneno yale yale polepole, apate kuyaandika vizuri. Uhamisho ulitoka kabla ya muhula kwisha. Mdogo wake alimsaidia kufunga mizigo, akinung'unika tangu sanduku la kwanza hadi la mwisho, na katikati ya kunung'unika akasema, "Lakini ungenyamaza ningekuonea aibu, Dada," kisha akaendelea kunung'unika.

Funguo alimkabidhi kijana aliyetoka chuoni, mwalimu mzuri, mpole, asiyependa kuongea mbele za watu. Shule inaendelea kupokea kila mtoto wa mitaa ile. Mkuu bado yupo, na siku ya wageni siku hizi hakodi chochote.

Mama Randa anafundisha hisabati, kidato cha kwanza na cha pili, katika shule ya bweni iliyo mwendo wa siku nzima kwa basi. Ni shule inayochagua wanafunzi kwa mtihani, na haina karakana. Anakaa katika nyumba ya walimu iliyo karibu na tangi la maji.